Kichujio Kilichokaa Dirishani

Guyo na Kagwiria,

Mmenipigia simu mara tatu tangu nistaafu, na mara zote mnauliza jambo moja: Presha inawashwa vipi isije ikatupasukia? Swali zuri. Mimi mwenyewe nilijiuliza hivyo kila asubuhi kwa miaka yote niliyoisimamia mashine hiyo ya kiwanda chetu cha maziwa, hata asubuhi ya mwisho, keki ikiwa imeshakatwa na watu wameniambia niende nyumbani. Nimeamua kuandika, maana kwa simu mnanikatiza, na Kagwiria anacheka kabla sijamaliza. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vilikuwa vidogo na vimeisha. Nitaandika mashine ilivyo, nani alinifundisha, na siku tisa ambazo ninyi hamkuwapo, ambazo hakuna mtu kiwandani anayezizungumza mbele yangu.

Nilianza kwa kuosha mitungi ya maziwa pale langoni. Fundi Mutwiri, fundi wetu wa mitambo, Mmeru mfupi mwenye kikohozi, alikuwa anatafuta mtu wa kumfundisha Presha. Alikuwa ameshakataa vijana wawili wenye vyeti. Meneja wa wakati ule alimuuliza anataka mtu wa aina gani, naye akaninyooshea spana.

"Huyo mama. Bomba la mvuke likipiga mluzi, anaruka."

"Anaruka kwa sababu anaogopa," meneja akasema.

"Ndiyo. Nataka mwoga. Wale wawili walikuwa wanaegemea mashine wakiongea na simu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi, kwa uoga. Nilikuwa mjane, napanga chumba kimoja mtaa wa Bulla Pesa, Isiolo, na mwanangu Ekiru alikuwa shule. Hata wangenipa kazi ya kushika nyoka ningeikubali, ilimradi nipewe glavu.

Siku ya kwanza Fundi Mutwiri hakuniruhusu kugusa hendeli yoyote. Aliniwekesha kiganja juu ya sanduku la chuma, mashine ikizunguka na maji matupu, akaniacha hapo mpaka chai ya saa nne.

"Unasikia nini?"

"Inatetemeka."

"Inatetemeka aje?"

Nikarudisha kiganja pale pale. Akaenda kunywa chai yake. Aliporudi nikamwambia kuna pigo tatu ndani, na zote zinalingana.

"Sawa. Siku moja pigo moja itakuwa tofauti. Siku hiyo zima kwanza, halafu ndiyo uniulize."

Pigo hizo tatu ni pistoni tatu. Fundi Mutwiri alisema mashine hii ni pampu na mlango mwembamba, basi, na mtu akikuambia ni zaidi ya hapo anataka kukuuzia kitu. Maziwa yanakuja yakiwa moto, digrii sitini na tano, mafuta yakiwa yameyeyuka. Pistoni zinayasukuma kwa nguvu ya ba mia mbili (ba ndicho kipimo cha presha kwenye geji), sawa na ng'ombe wa kienyeji akusimamie juu ya ukucha mmoja. Yanalazimishwa kupita kati ya vali na kiti chake, upenyo ambao huwezi kuuona kwa macho. Hapo matone ya mafuta yanavunjika, yanakuwa madogo mno kiasi kwamba hayapandi tena juu ya chupa. Wajuaji fulani walikuja wakasema maziwa ya ngamia yana mafuta madogo tangu yanapokamuliwa, kwa hivyo Presha haina kazi. Tukawapa yogati iliyopita kwenye mashine na ile ambayo haikupita. Ile ya pili waliinywa kwa kikombe, kijiko kilikuwa hakina cha kushika.

Sasa mnachotaka. Kabla ya kuwasha, tazameni mafuta ya mashine kwenye kioo cha pembeni. Yakiwa na weupe, maji yameingia, na msiwashe hata kama meneja amesimama nyuma yenu. Fungueni maji ya kupoza pistoni. Bila hayo sili za mpira zinaungua kwa dakika chache tu, na mtanusa mpira. Kisha hendeli mbili za kubana vali, ndogo na kubwa, zote ziwe zimelegezwa kabisa. Narudia kwa ajili ya Guyo: zimelegezwa kabisa. Mkiwasha mota hendeli ikiwa imekazwa, ile nguvu yote inatafuta pa kutokea, na ninyi ndio mmesimama hapo.

Baada ya hapo leteni maji kwa pampu ndogo, washeni mota, na mngoje hewa yote itoke. Pistoni ikikutana na hewa badala ya maziwa inagonga, na mlio huo mtausikia mpaka kwenye meno. Mlio ukitulia, ndipo mnaingiza maziwa. Kazeni hendeli ndogo kwanza, geji isome hamsini, kisha kubwa, polepole, mpaka mia mbili. Polepole maana yake mimi nilikuwa nasema Baba Yetu yote kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Guyo, wewe una dua zako, chagua ndefu. Wakati wa kuzima, mnalegeza kubwa, kisha ndogo, kisha mota. Na mkishuku kuna mahali panavuja, msipapase kwa mkono, jamani. Maji ya ba mia mbili yakitoka kwenye tundu la sindano yanaingia ndani ya nyama, na kwa nje utaona kidoa tu. Pitisheni kipande cha katoni. Katoni ikitoboka, mmepajua.

Jambo la mwisho ni kichujio. Kabla maziwa hayajafika kwenye pistoni yanapita kwenye kikapu kidogo cha wavu wa chuma, kimekaa ndani ya kopo lenye kifuniko cha kuskrubu. Fundi Mutwiri alikiosha mwenyewe kila jioni, hata akiwa na homa. Kopo likishafungwa, huwezi kujua kwa nje kama kikapu kimo au hakimo. Mtengenezaji alifikiria mambo mengi, lakini hilo hakulifikiria. Naye Fundi Mutwiri alipostaafu akarudi kwao Meru, nikabaki peke yangu na ile mashine.

Mwaka ule maji ya mjini yalikatika kwa muda mrefu. Kiwanda kikawa kinaletewa maji kwa lori, maji ya mto, yana rangi ya chai ya rangi. Alhamisi moja niko kwenye kazi, pigo zikaanza kulegea, moja inafika, nyingine inachelewa. Nilijua ni kichujio, kimeziba kwa uchafu wa yale maji. Nikazima. Maziwa yalikuwa kwenye tangi, moto tayari, na yakikaa moto muda mrefu yanaharibika. Nikafungua kopo, nikatoa kikapu, kimejaa tope. Nikakiweka dirishani, nyuma ya pipa la sabuni, nikageuka kutafuta brashi. Dada wa maabara akaniita kwa mlango: "Mama Ekiru, maziwa inapita wakati!" Nikaona tope lote limebaki ndani ya kikapu, maziwa yenyewe yameshachujwa kwa kitambaa kule langoni, batchi moja, tangi hilo tu, haitadhuru. Nikafunga kopo tupu. Nikajiambia nitakirudisha nikimaliza.

Nilipomaliza, nikaosha mashine kwa yale maji ya lori, nikaenda nyumbani. Nilikuwa nimechoka, lakini hiyo si sababu. Nilisahau tu, na jioni zilizofuata kopo sikulifungua.

Jumatatu sindano ya geji ikaanza kucheza. Mia mbili, mia moja na sabini, mia na tisini. Nikakaza hendeli, ikatulia kidogo, ikashuka tena. Jumanne nikafungua kichwa cha mashine. Kiti cha vali, ambacho kinatakiwa kung'aa kiasi cha kujitazama, kilikuwa na mistari myembamba, mingi, mahali maziwa yanapita. Meneja wetu mpya alikuwa amesimama begani kwangu. Alikuwa kijana msafi, mwenye haraka.

"Ni nini imekwaruza?"

"Sijui bado," nikasema, na hapo nilikuwa sijui kweli.

Yeye alijua tayari. Akatembea mpaka langoni, akarudi na kile kitambaa cha kuchujia kikiwa na vidoa vyeusi. "Mkaa," akasema. "Ni hawa kina mama na moshi yao."

Niwaeleze ninyi mliokuta mambo yameshabadilika. Kina mama wanaoleta maziwa ya ngamia walikuwa wanafukiza mitungi. Unachoma vijiti vya mti fulani, unaingiza makaa na moshi kwenye mtungi uliooshwa, unautikisa, unaufunga, kisha unayamwaga makaa na kufuta ndani kwa kitambaa. Moshi unayatunza maziwa njiani, na unayapa ile ladha ambayo mtu wa Isiolo akiikosa anauliza kama maziwa yanaumwa. Punje nyeusi hubaki chache, na kitambaa cha langoni huzikamata. Aliyewaongoza kina mama hao alikuwa Hawo, jirani yangu Bulla Pesa. Ngamia wake wengine walikuwa karibu, Burat, wengine mbali upande wa Merti, na maziwa ya Merti yalikuja kwa pikapu juani saa nyingi.

Meneja alipoondoka nikafungua kopo la kichujio. Tupu. Nikatazama dirishani, nyuma ya pipa la sabuni. Kikapu kilikuwa hapo hapo, tope limekauka.

Nikakaa juu ya ndoo. Nikachota ule uchafu uliobaki kwenye kiti cha vali, nikausugua kati ya vioo viwili vidogo, hiyo njia alinionyesha Fundi Mutwiri. Mkaa unapondeka, unaacha weusi, kioo kinabaki kizima. Huu ulikwaruza kioo, kwaruu, sauti ambayo bado naisikia. Ulikuwa mchanga wa mto, na mimi ndiye niliyeupitisha.

Nilifanya nini? Nilikiosha kikapu, nikakirudisha kwenye kopo, nikafunga. Nikatupa vile vioo. Jioni meneja akaleta karatasi inayosema kiti cha vali kimeharibiwa na chembe za mkaa, mahali pa sahihi ya mwendeshaji mashine pakiwa wazi. Kichwani nilimwona Ekiru akirudishwa kutoka shule, nikaona mlango wa chumba changu ukipigwa kufuli na mwenye ploti. Nikatia sahihi. 

Jumatano kina mama wakarudishwa langoni na mitungi yao. Maziwa yakawa yanatoka kwenye shamba moja kubwa lenye mikebe ya aluminiamu, yamepozwa, hayana moshi. Alhamisi mchana Hawo akanifuata nyumbani. Hakukaa kitini.

"Abayo, dada yangu, wewe ndiye unafungua hiyo mashine. Niambie ukweli. Ni mkaa yetu?"

"Meneja ndiye ameandika," nikasema.

"Sijauliza meneja. Meneja hajui hata ngamia anakula nini. Nimeuliza wewe."

"Hawo, mimi ni mtu wa spana tu."

Alinitazama. "Kama ni mkaa tutaacha," akasema. "Lakini kutoka Merti mpaka hapa, na hii jua, bila moshi, itafika imeharibika, na mtairudisha pia. Sasa nifanye nini? Maziwa si nguo, nikunje niweke." Akaenda. Nilikuwa nimeweka chai jikoni. Nikaizima bila kuinywa.

Siku zile nilikuwa sili vizuri. Kila simu ikilia nilidhani ni meneja amejua. Mtu akicheka kule ofisini nilidhani wananicheka mimi. Na bado nilienda kazini saa kumi na mbili na nusu, nikavaa ovaroli, nikasalimia watu habari ya asubuhi, nikatazama mafuta kwenye kioo. Mtu anaweza kuendelea na kazi yake vizuri sana huku ndani anaoza, nawaambia.

Ijumaa kiti kipya cha vali kikafika kutoka Nairobi, Jumamosi nikakifunga. Nikawasha. Sindano ikapanda mia mbili, ikasimama. Ikasimama Jumapili, ikasimama Jumatatu. Jumanne meneja alikuja, akaigonga geji kwa kidole, akatabasamu.

"Unaona, Mama Ekiru? Hakuna moshi, hakuna shida. Sasa tuna ushahidi."

Mungu wangu. Nilikuwa nimerudisha kikapu kimya kimya, nikidhani angalau nimetengeneza. Kumbe kule kutengeneza kwangu ndiko kulikowafunga kina mama kabisa. Mashine ilikuwa inafanya kazi kwa sababu ya kikapu, na yeye alikuwa anahesabu kila saa ya utulivu wake kuwa kosa la Hawo. Akaniambia kesho atabandika tangazo langoni: maziwa ya mitungi iliyofukizwa hayatapokelewa tena, sasa na siku zote. Nilitaka kusema hapo hapo. Nikasema, "Sawa, bosi."

Jumatano, siku ya tisa, nilifika langoni mapema. Kina mama walikuwa wamekuja na mitungi kujaribu bahati yao, watu kumi hivi, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta. Meneja akatoka na tangazo lake na gundi. Nilikuwa nimejipangia kumfuata ofisini, tuongee wawili, labda mambo yangezimwa polepole. Lakini alipoanza kupaka gundi nikajua nikiingia ile ofisi nitatoka na karatasi nyingine ya kutia sahihi.

"Usibandike," nikasema.

"Nini?"

"Si mkaa. Ni mchanga. Mimi nilitoa kichujio Alhamisi ile nyingine, nikasahau kukirudisha. Maji ya lori ndiyo yamekula kiti cha vali. Nilikirudisha Jumanne ya wiki jana, kabla ya kiti kipya. Ndiyo maana sindano imetulia."

"Mama Ekiru, unajua unachosema?"

"Najua."

"Na ulitia sahihi."

"Nilitia."

Gundi ilikuwa inamdondokea kiatuni. Alikunja tangazo lake mara nne, akarudi ndani. Adhabu yangu niliipata, na niiseme haraka: barua ya onyo, na miezi miwili nikirudi kuosha kreti, Presha ikipewa mtu aliyeletwa kutoka nje. Sikufukuzwa. Yule mgeni aliikaza ikiwa haijatoa hewa, akavunja mkanda wa mota wiki ya kwanza, wakaniita. Kichujio kikatengenezewa daftari lake na sahihi mbili, ile ambayo ninyi mnailalamikia kila jioni. Mwaka uliofuata mikebe ya aluminiamu ilikuja kwa kina mama wote, na wale wasichana wapya wengi hawajui kufukiza. Hiyo ingekuja hata bila mimi, labda. Sina hakika.

Lakini niwarudishe pale langoni, maana meneja alipoingia ndani kina mama walibaki, na mimi nilibaki. Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mmoja alisema kitu kwa Kisomali. Hawo akainuka kutoka ukutani, akajikung'uta vumbi, akaja mpaka mbele yangu.

"Ulijua lini?"

"Jumanne. Wiki jana."

Akahesabu kwa vidole, polepole, bila kuruka hata kimoja. "Tisa," akasema.

"Hawo, nisamehe. Niliogopa kazi yangu."

"Mimi pia niliogopa kazi yangu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza njia. "Mchungaji alitaka kula, pikapu ilitaka mafuta. Jumatatu nikauza Dida. Ngamia wangu yule mwekundu, anakamuliwa, ana mtoto wa miezi minne. Lori ilimchukua asubuhi, mtoto akaifuata mpaka lami."

Nikageuka kutazama lami.

"Ungesema hata Jumapili," akasema.

Karani wa mizani alikuwa amesimama kando, hajui afanye nini, kwa hivyo nikasogea mimi kwenye mizani. Hawo akarudi ukutani, akainua mtungi wake, ule unaonuka moshi, akauweka juu ya mizani.

"Pima," akasema.

Nikapima.